Liwali Aliyekataa Kuonywa

Miongoni mwa habari za Biblia ambazo wahubiri wetu huzipita mbiombio wakielekea zile zilizo mashuhuri zaidi, imo moja iliyoandikwa katika sura za 40 na 41 za kitabu cha nabii Yeremia, na kwa muhtasari katika sura ya mwisho ya Kitabu cha Pili cha Wafalme, ambayo kwa maoni yangu yapasa kusomwa na kila mtu aliyekabidhiwa dhamana ya wenzake, awe mzee wa kanisa au mweka hazina wa chama, awe mkuu wa mji au baba wa nyumba. Ni habari ya Gedalia mwana wa Ahikamu, mtu mwema wa moyo na msafi wa nia, aliyeambiwa waziwazi kwamba yuko mtu anayetaka kumwua, akatajiwa jina la muuaji na jina la aliyemtuma, naye asiamini. Na kwa sababu ya kutoamini kwake hakufa yeye peke yake.

Sisi twajua sana kuwasema waovu. Hamani na mti wake, Yezebeli na shamba la Nabothi, Yuda Iskariote na vipande vyake thelathini vya fedha, hao wote tumewahukumu tangu utotoni, na hukumu yao haitusumbui, kwa kuwa hapana mtu ajionaye kuwa ni Yuda. Bali Gedalia ni mzito kuhukumiwa, kwa sababu kosa lake lilivaa mavazi ya wema, na wengi wetu, lau tungalikuwa mahali pake, tungalitenda kama alivyotenda, tena tungalisifiwa kwa kutenda hivyo hata siku ile ya mauti.

Ili tumfahamu yapasa kwanza tuijue hali ya nchi. Majeshi ya Nebukadreza mfalme wa Babeli yalikuwa yameuzingira Yerusalemu kwa muda upatao mwaka mmoja na nusu, watu wakashikwa na njaa isiyosemeka, kisha katika mwaka ambao wataalamu huutaja kuwa ni 587 au 586 kabla ya Kristo ukuta ukabomolewa. Mfalme Sedekia alitoroka usiku, akakamatwa katika nchi tambarare ya Yeriko, akapelekwa Ribla, na huko wanawe wakachinjwa mbele yake, kisha yeye mwenyewe akapofushwa, ili jambo la mwisho alilolitazama duniani liwe ndilo hilo. Mwezi mmoja baadaye Nebuzaradani, amiri wa askari walinzi, aliitia moto nyumba ya Bwana na jumba la mfalme na nyumba zote kubwa, akawachukua mateka watu waliosalia mjini, akawaacha maskini wasio na kitu, ambao aliwapa mashamba ya mizabibu na makonde. Basi juu ya masalio haya ya watu ndipo Wakaldayo, yaani watu wa Babeli, walipomweka Gedalia kuwa liwali, na kwa kuwa Yerusalemu ulikuwa majivu, makao yake yakawa Mispa, mahali ambapo wataalamu wengi hupatambua kuwa ni kilima kiitwacho leo Tell en-Nasbeh, kilomita 12 hivi kaskazini ya Yerusalemu. Kilima hicho kilichimbuliwa na William Badè na wenzake kati ya mwaka wa 1926 na 1935, na mnamo 1932 katika kaburi mojawapo ikaonekana muhuri ya jiwe yenye sura ya jogoo na jina la Yaazania mtumishi wa mfalme. Nalo jina hilo ndilo la mmoja wa maakida waliokuja kumwona Gedalia huko Mispa.

Nyumba aliyozaliwa Gedalia haikuwa ya kifalme, ilikuwa nyumba ya waandishi, tena waandishi wacha Mungu. Babu yake Shafani ndiye aliyekisoma mbele ya mfalme Yosia kile kitabu cha torati kilichopatikana hekaluni wakati wa matengenezo, kikamfanya mfalme ayararue mavazi yake. Gemaria, ami yake, ndiye mwenye chumba ambamo Baruku alilisoma gombo la Yeremia masikioni mwa watu, na mfalme Yehoyakimu alipolikatakata na kulitupa motoni kipande kwa kipande, Gemaria alikuwa mmoja wa watatu waliomsihi asifanye hivyo. Na baba yake, Ahikamu, ndiye aliyemshika Yeremia mkono siku ile makuhani na makutano walipomzingira wakitaka auawe. Ni watu wachache katika Maandiko waliolelewa katika nyumba yenye sifa kama hizo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwatuliza watu. Maakida wa majeshi ya Yuda, waliokuwa wametawanyika porini na vikosi vyao, walisikia habari za liwali mpya, wakaja Mispa: Ishmaeli mwana wa Nethania, Yohanani mwana wa Karea, na wengine pamoja na watu wao. Gedalia akawaapia kwamba wasiogope kuwatumikia Wakaldayo, wakae katika nchi, wakusanye divai na matunda ya wakati wa hari na mafuta, na yeye atakuwa mjumbe wao mbele ya mtawala. Habari ikavuka mipaka, hata Wayahudi waliokuwa wamekimbilia Moabu na Amoni na Edomu wakaanza kurejea kutoka kila walikofukuziwa. Nayo nchi, kana kwamba imewahurumia, ikawapa mavuno mengi sana. Msomaji asiupite upesi mstari huo mmoja wa mavuno, kwa maana ndicho kipimo cha kile kilichopotea baadaye. Palikuwapo taifa changa lililokuwa likianza kupumua tena, bila hekalu, bila mfalme, bila ukuta, lakini lenye chakula ghalani na mtu mwadilifu mlangoni.

Ndipo lilipokuja onyo. Yohanani na maakida wote walikwenda Mispa, wakamwuliza liwali kama anayo habari ya kuwa Baalisi mfalme wa wana wa Amoni amemtuma Ishmaeli aje kumwua. Nataka tuyatazame maneno hayo kwa makini. Hayakuwa uvumi wa sokoni usiokuwa na mwenyewe. Waliosema walikuwa wengi, walikuja kwa miguu yao, walisema mbele ya uso wake, walimtaja mtendaji na walimtaja mwenye kumtuma. Wala jina la Baalisi si la hadithi: mwaka wa 1984, katika kilima cha Tell el-Umeiri kusini ya mji wa Amman, wachimbuzi walipata donge la udongo lililopigwa muhuri ya mtumishi wa mfalme mmoja wa Amoni ambaye jina lake wataalamu wengi hulikubali kuwa ndilo hilo. Tena Amoni ilikuwa na sababu zake. Katika siku za Sedekia wajumbe wa Amoni walikuwa Yerusalemu pamoja na wengine wakishauriana, na Yeremia akawaonya wasimwasi mfalme wa Babeli. Yuda mtulivu chini ya Wakaldayo hakuwa jirani wa kumpendeza Baalisi.

Gedalia hakuwasadiki. Yohanani akarudi mara ya pili, sasa kwa siri, akamwomba ruhusa aende yeye mwenyewe amwue Ishmaeli pasipo mtu kujua, kwa maana, akasema, kwa nini huyu akuue, na Wayahudi wote waliokukusanyikia watawanyike, na mabaki ya Yuda waangamie? Liwali akamkataza kabisa, akamwambia kwamba anamsingizia Ishmaeli uongo.

Kwa nini alikataa? Biblia haisemi, bali mwenendo wa nyumba yake wanishawishi kuona hivi. Gedalia alikulia katika jamaa iliyosimama daima upande wa mtu aliyeshitakiwa pasipo haki. Alimwona baba yake akimwokoa nabii na kinywa cha makutano. Na katika siku za mazingiwa Yeremia huyo huyo alikamatwa penye lango la Benyamini, akaambiwa kwamba anawakimbilia Wakaldayo, akapigwa, akatiwa kifungoni katika nyumba ya Yonathani mwandishi, yote kwa neno la uongo. Mtu aliyeyajua mambo kama hayo huyachukia masingizio kama sumu. Na aliposikia mwenzake anaambiwa ni muuaji kabla ya kuua, moyo wake wote uliinuka kupinga. Isitoshe, alikuwa ameapa. Alikuwa amewapa maakida wote neno lake, Ishmaeli akiwamo, na utawala wake mzima ulisimama juu ya neno hilo, kwani hakuwa na jeshi ila Wakaldayo wachache. Kuanza kuwashuku watu aliowaapia kungalikuwa, machoni pake, kuubomoa msingi ungali mbichi.

Tena Yohanani mwenyewe aliliharibu onyo lake. Alikuja mara ya pili na ombi la damu, nalo ombi la damu hufanya hata ukweli unuke hila. Mtu mwadilifu akiletewa habari ya kweli pamoja na shauri ovu, mara nyingi huvitupa vyote viwili, akadhani amefanya haki. Mimi nasema Gedalia alifanya vema sana kumkataza Yohanani asimwage damu ya mtu kwa siri na bila hukumu. Kosa lake halikuwa hapo. Kosa lake ni kuamua kwamba, kwa vile hakutaka kumwua Ishmaeli, basi ilimpasa kumwamini.

Na baina ya mambo hayo mawili palikuwa na uwanja mpana, tena ulikuwa umekwisha pimwa na torati yenyewe. Kile kitabu alichokisoma babu yake mbele ya Yosia, ambacho wataalamu wengi huamini kuwa ndicho Kumbukumbu la Torati au sehemu yake kubwa, chaagiza katika sura ya 19 kwamba neno lithibitike kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu, na kwamba waamuzi wafanye uchunguzi wa bidii kabla ya kukata shauri. Mashahidi Gedalia alikuwa nao, tena zaidi ya watatu, uchunguzi hakuufanya. Hakumwita Ishmaeli kumwuliza, hakutuma mtu kuvuka Yordani kusikiliza yasemwayo huko Amoni, hakuongeza mlinzi mmoja mlangoni, wala hakusema tu kwamba atakayekuja kula pamoja nami na aziache silaha nje. Hayo yote yangaliwezekana pasipo kumvunjia mtu heshima, na pasipo tone la damu.

Mwezi wa saba Ishmaeli alikuja Mispa na watu kumi, wakaketi, wakala chakula pamoja na liwali. Yeye alikuwa wa uzao wa kifalme, na twaweza kukisia, ijapokuwa haikuandikwa, jinsi alivyomwona mjukuu wa mwandishi ameketi mahali pa wana wa Daudi kwa hisani ya mgeni aliyeliteketeza hekalu. Wakala, kisha wakainuka, wakampiga Gedalia kwa upanga, wakamwua, na pamoja naye Wayahudi waliokuwako na askari wa Wakaldayo waliopatikana huko. Katika nchi za mashariki, kama ilivyo kwetu pwani, mtu aliyekula chakula chako amejifunga kwako kwa kifungo kisichoandikwa. Ndiyo maana hila za namna hii hupenda mezani, mahali ambapo mwenyeji ameviweka chini vyote viwili, silaha na shaka. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Waebrania walilijua jambo hilo vizuri kama sisi.

Walakini yaliyofuata ni mabaya zaidi, nayo ndiyo yanayoonyesha tabia ya njama ovu kuliko mauaji yenyewe. Siku ya pili, kabla mtu yeyote hajajua lililotendeka, walikuja watu themanini kutoka Shekemu na Shilo na Samaria, wamenyoa ndevu, wamerarua nguo, wamejikatakata miili, wakichukua sadaka ya unga na ubani waipeleke nyumbani kwa Bwana. Hawakuwa askari wala washirika wa Wakaldayo, walikuwa mahujaji wenye msiba. Ishmaeli akatoka Mispa kwenda kuwalaki, akaenda njiani akilia, akawaalika waje kwa Gedalia mwana wa Ahikamu. Alilia kwa kuwa wao walikuwa wakilia. Alilitumia jina la mtu aliyemwua jana kama chambo, kwa sababu jina hilo lilikuwa jema na watu waliliamini. Walipoingia katikati ya mji akawachinja, akawatupa katika lile shimo ambalo mfalme Asa alilifanya zamani kwa kumwogopa Baasha mfalme wa Israeli.

Hapo ndipo dhamana ya mkubwa inapodhihirika jinsi ilivyo. Wale themanini hawakupata kumwamini Ishmaeli, hata huenda hawakumjua, walimwamini Gedalia. Imani yao kwa mtu mwema ndiyo iliyowaingiza mlangoni, na kosa la mtu mwema ndilo lililokuwa limemweka mchinjaji mlangoni humo. Mtu wa faragha akimwamini mwovu hupoteza mali yake na pengine maisha yake, nayo ni yake kuyatia hatarini akipenda. Lakini aliyebeba watu akimwamini mwovu hutoa kisicho chake. Ukarimu wa Gedalia, ambao kwa mtu binafsi ungalikuwa pambo, kwa liwali ulikuwa ni kugawa uhai wa wengine.

Katika wale themanini kumi waliokoka, na sababu ya kuokoka kwao yasema mengi. Walimwambia Ishmaeli asiwaue, kwa maana wanazo akiba zilizofichwa mashambani, za ngano na shayiri na mafuta na asali, akaacha, asiwaue. Pengine mtu angeweza kumtetea Ishmaeli kwa kusema kwamba alikuwa mzalendo mwenye ghadhabu, aliyeona haya kuona nchi ya baba zake ikitawaliwa na mkono wa Babeli. Ngano na asali zinaukata utetezi huo. Damu ambayo mtetezi wake angesema aliimwaga kwa ajili ya Yuda ilikuwa na bei, na bei yake ilikuwa chakula.

Akawachukua mateka mabaki ya watu wa Mispa, na binti za mfalme pamoja nao, akashika njia ya kwenda kwa wana wa Amoni. Yohanani aliposikia alimfuatia na vikosi vyake, akamkuta penye maji mengi ya Gibeoni. Mahali hapo pana sifa mbaya katika habari za hila: ni Gibeoni ambako, zamani za Yoshua, wenyeji walikuja na viatu vilivyoraruka na mkate wenye ukungu wakajifanya wasafiri wa mbali, na wazee wa Israeli wakakitwaa chakula chao pasipo kuuliza shauri kwa Bwana, ni huko pia, penye jiwe kubwa, Yoabu alipomshika Amasa ndevu kwa mkono wa kuume ili ambusu, na mkono wa pili ulikuwa na upanga. James Pritchard, aliyepachimbua mahali hapo, paitwapo sasa el-Jib, kati ya 1956 na 1962, aliona huko birika ya ajabu iliyochongwa katika mwamba, upana wake zaidi ya mita 11 na ngazi 79 za kuzunguka hata majini, na wengi hudhani hayo ndiyo maji yanayotajwa. Basi mateka walipomwona Yohanani walifurahi, wakageuka, wakamrudia. Na Ishmaeli akaponyoka na watu wanane, akaenda kwa wana wa Amoni.

Hapa msomaji hutazamia kwamba Yohanani, aliyekuwa na haki tangu mwanzo, ataishika nchi na kuiongoza kwa busara. Haikuwa hivyo. Kwa kuogopa kisasi cha Wakaldayo aliwakusanya watu karibu na Bethlehemu wapate kwenda Misri, wakamwendea Yeremia, wakaapa kwamba watalifuata neno la Bwana liwe jema au liwe baya. Baada ya siku kumi neno lilikuja: kaeni katika nchi hii, msimwogope mfalme wa Babeli. Na ni nani aliyekuwa mstari wa mbele kumwambia nabii kwamba anasema uongo, kwamba Baruku ndiye anayemchochea ili wauawe? Ni Azaria mwana wa Hoshaya na Yohanani mwana wa Karea. Yule aliyeitwa mwongo aliposema kweli, sasa alimwita mwongo mtu aliyesema kweli. Wakamchukua Yeremia pamoja nao mpaka Tahpanesi, na nchi ikabaki ukiwa. Yeremia 52 yataja kwamba katika mwaka wa 23 wa Nebukadreza watu wengine 745 walichukuliwa Babeli, na wataalamu wengi huona kwamba hicho ndicho kilichokuwa kisasi cha mauaji ya Mispa.

Yohanani na watu wake walikwenda Misri wakiitumainia Misri, kama Yuda ilivyozoea kufanya. Tumaini hilo lilikuwa la kale: katika siku za Hezekia, mwaka wa 701 kabla ya Kristo, jemadari wa Ashuru alisimama nje ya ukuta wa Yerusalemu akamfananisha Farao na fimbo ya mwanzi uliovunjika unaomchoma mkono aegemeaye, na katika mazingiwa ya mwisho jeshi la Farao lilitoka kweli, Wakaldayo wakaondoka, watu wakashangilia, kisha Wamisri wakarudi kwao na Wakaldayo wakaja tena. Na kabla ya hapo walikuwa wameitumainia nyumba yenyewe ya ibada, wakidhani kwamba maadamu hekalu lipo hapana baya litakalowapata, ijapokuwa wanaiba na kuapa uongo, hata Yeremia akasimama langoni mwake akawaambia waende wakaitazame Shilo ilivyofanywa. Watu hao hawakukosa imani, walikuwa nayo tele. Waliiweka popote ilipowapendeza, wakamnyima mtu mmoja tu aliyekuwa akiwaambia yasiyowapendeza.

Wayahudi hawakukisahau kisa hiki. Mpaka leo, siku ya tatu ya mwezi wa Tishri, mara baada ya sikukuu ya mwaka wao mpya, wao hufunga kwa ajili ya kifo cha Gedalia, na nabii Zekaria ataja saumu ya mwezi wa saba tangu siku za kurejea kutoka Babeli. Walimu wao wa Talmudi, wakizungumza juu ya lile shimo la Mispa, walisema jambo ambalo mara ya kwanza lachoma: kwamba wale waliotupwa humo wahesabiwa kana kwamba Gedalia ndiye aliyewaua, kwa kuwa alipaswa kuliangalia shauri la Yohanani asiliangalie. Na papo hapo wakaweka kanuni ambayo naona ni ya haki kabisa, kwamba masingizio mtu asiyapokee kuwa ni kweli, lakini yampasa achukue tahadhari kwayo. Hawakumwambia Gedalia angalimwua Ishmaeli. Walimwambia angalijilinda.

Na kwamba jambo hilo lawezekana, Biblia yenyewe imetuwekea mashahidi. Nehemia, aliyekuja Yerusalemu mwaka wa 445 kabla ya Kristo kuujenga ukuta, alialikwa mara nne na adui zake Sanbalati na Geshemu wakutane katika bonde la Ono. Mwaliko ulikuwa wa heshima. Hakuwashitaki, hakuwatukana, hakutuma watu wa kuwavizia. Alijibu kwa adabu kila mara kwamba anayo kazi kubwa na hawezi kushuka. Ikaja barua ya tano, imefunuliwa, ina uvumi kwamba ataka ufalme, akakanusha, akaendelea. Kisha akaja Shemaya, mtu wa nyumbani, anenaye kwa sauti ya unabii, akamshauri ajifungie hekaluni usiku kwa sababu wanakuja kumwua. Na Nehemia, aliyejua kwamba si haki yake kuingia humo, alitambua kwamba ushauri unaomtaka avunje amri ya Mungu ili aiokoe nafsi yake haukutoka kwa Mungu, akagundua kwamba Shemaya ameajiriwa na Tobia na Sanbalati. Ukuta ulimalizika kwa siku 52, na katika siku hizo zote hakumwua adui hata mmoja.

Shahidi wa pili hakuwa hata mtu wa imani. Katika Matendo ya Mitume sura ya 23, Wayahudi zaidi ya arobaini walijifunga kwa kiapo wasile wala wasinywe mpaka wamemwua Paulo, na shauri lao, kama kawaida, lilivikwa joho la haki: wazee wamwombe jemadari amlete Paulo kana kwamba wataka kuichunguza habari yake vizuri zaidi. Kijana mmoja, mwana wa dada yake Paulo, alisikia. Alikuwa kijana asiye na cheo, na habari aliyoileta iliwashitaki watu wakubwa wa mji. Klaudio Lisia, jemadari Mrumi, angaliweza kumfukuza akamwambia asiwasingizie wazee. Bali alimshika mkono, akamchukua faraghani, akamwuliza una neno gani la kuniambia, akamsikiliza hata mwisho, akamwamuru asimwambie mtu. Usiku ule ule, saa tatu, askari 200 na wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200 walimtoa Paulo Yerusalemu kumpeleka kwa liwali Feliki huko Kaisaria. Hakumkamata mtu, hakumhukumu mtu. Alimwondoa tu mtu aliyekuwa katika dhamana yake mahali alipokuwa akiviziwa.

Nayasema haya kwa uchungu, kwa kuwa katika makanisa yetu na vyama vyetu mambo hayatendeki kwa mfano wa Lisia. Mtu akimwendea mkubwa kumwambia kwamba fedha za ujenzi zinakwenda mahali pasipojulikana, au kwamba mgeni yule anayehubiri kwa machozi mengi aliacha madeni na mayatima katika mji alikotoka, aghalabu swali la kwanza analoulizwa ni nani aliyekutuma, na jina la kwanza analopewa ni mfitini. Hukumbushwa asimguse mtumishi wa Bwana. Huambiwa aende akaombe. Na mkubwa hurudi nyumbani akiwa ameridhika nafsi yake, akidhani ameilinda amani ya kundi, ilhali akiba ya wajane, waliotoa shilingi zao kwa kuliamini jina lake yeye, si la mgeni, inaendelea kutoka mlangoni. Sisemi kila onyo ni la kweli. Fitina zipo, na nyumba ngapi zimevunjwa na ndimi zisizo na kazi. Nasema kwamba uongo wa onyo haujulikani kwa kulichukia, hujulikana kwa kulichunguza, na mwenye dhamana ambaye hataki kuchunguza hana haki ya kujiita mpole.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaoshika funguo za watu, wachungaji, wazee, wenyeviti na waweka hazina: mkutanapo mara nyingine katika baraza zenu, zisomeni pamoja sura za Yeremia tangu ya 40 hata ya 43, zisomwe zote kwa kikao kimoja, kisha muulizane kwa jina, mtu kwa mtu, ni maonyo gani yaliyoletwa kwenu mwaka huu, na ni lipi kati ya hayo mlilolichunguza.